Taa za Dirishani Mwangu

Umeme ukirudi Mabanga, mtaa mzima hupiga kelele, watoto kwa wakubwa. Nyumbani kwetu aliyewashinda wote kwa sauti alikuwa mke wangu. Mimi kelele zile zilinichosha. Niliona tunashangilia kitu tunacholipia kama vile tumepewa zawadi. Tangu tumzike, umeme hurudi na nyumba yangu inabaki kimya.

Basi nikaamua kujitengenezea taa. Nilikuwa na betri ya pikipiki na taa ndogo za LED nilizozitoa kwenye tochi mbovu. Ya kwanza niliiunga moja kwa moja na betri; ikamulika mara moja, ikafa. Fundi wa simu akanipa rezistansi, vidude vya kupunguza nguvu ya umeme, na fuzi ya kufunga karibu na betri, ili waya zikigusana ikatike yenyewe kabla moto haujashika.

"Nyumba yako ni ya mbao, muzee," aliniambia. "Na ya jirani pia."

Nilifuata kila neno. Angalau mikono ilipata kazi.

Jioni, mtaa ukiwa gizani, nikaunga waya wa mwisho wa taa nilizozipanga dirishani, na dirisha zima likang'aa. Nikagusa waya: hazikuwa na joto.

Mama jirani alipouona mwanga akapiga kelele, nyumba ya pili ikamwitikia, na ya tatu. Kisha mama huyo akaniuliza kutoka upande wa pili wa ua:

"Papa, umeme imerudi?"

"Hapana, mama. Ni kwangu tu."

Kelele zikazimika, nyumba moja baada ya nyingine.