Nguzo Ndefu Ukutani

Wanaonijua wanajua nikishaamua jambo sirudi nyuma, na hilo ndilo lililoniponza. Bosi wetu, Mama Neema, alikuwa amechoshwa na viambatisho vyangu vizito visivyofunguka. Nikaapa kwamba sibandiki faili tena. Ripoti yangu ya samaki wa Ziwa Babati ingekuwa maandishi matupu, na chini yake kiungo kimoja cha kufungua grafu inayochorwa na programu niliyoiandika mwenyewe.

Asubuhi ya kikao cha kuwasomea wageni wa mkoani ripoti hiyo niliwahi, lakini ufunguo wa ofisi anao Mama Neema, na kama kawaida yake alikuwa hajafika. Nikakaa kwenye ngazi na hasira zangu, nikafungua kompyuta, nikaiagiza ile programu inichoree grafu ya wanaochelewa kazini, kila mtu na nguzo yake. Nikacheka peke yangu, nikafunga. Sikukumbuka kwamba kila picha mpya huhifadhiwa kwa jina lilelile, na ya zamani hufutika.

Kikaoni nikabonyeza kiungo, picha ikatokea ukutani. Mimi nilishawageukia wageni wa mkoani, ukuta nimeupa mgongo.

"Hii nguzo ndefu ndiyo fahari yetu," nikasema kwa sauti ya mhubiri. "Wengine waige hapa. Mwakani nataka ipande zaidi!"

Mgeni mmoja akakohoa.

"Baba Junior," Mama Neema akasema taratibu, "geuka uwasomee wageni kichwa cha hiyo grafu. Jina langu nimeshaliona."