Kisanduku Kilichokuwa Kinaugulia

"Umemfungia nani humo ndani?"

Hiyo ndiyo salamu niliyopewa asubuhi ile. Hakuna habari za kuamka, hakuna umelalaje. Mama Cherehani, mshonaji wa mlango unaotazamana na wangu, kasimama kizingitini na futi yake shingoni, na nyuma yake korido imejaa watu.

Nikamwambia sijamfungia mtu. Akasema jana tangu mchana alisikia mtu anaugulia kwenye spika zangu, na kama ni mchezo, basi ni mchezo wa kishetani.

Nikamjibu kwamba alichokisikia ni dayodi. Akataka kujua huyo Dayodi ni mtoto wa nani.

Korido ikacheka. Yeye hakucheka.

Ngoja niwaeleze, maana bila hili hamtanielewa.

Mimi natengeneza redio na spika. Wiki ile nilikuwa na kazi ya Kidole, mpiga gitaa, aliyetaka kisanduku cha kukwaruza sauti. Siri yake ni ndogo. Unaikuza sauti mpaka ifure, hata mnong'ono uwe kelele, halafu unaweka dayodi mbili, vile vipande vidogo vya kupitisha umeme upande mmoja tu, ziikate kichwa. Sauti iliyokatwa kichwa ndiyo ile inayonguruma.

Sasa, kila dayodi ina mkono wake wa kukata. Jana yake nilikuwa nazijaribu aina moja baada ya nyingine, naongea kwenye maiki, naandika kwenye daftari.

Za silikoni zinakata pap, kama shoka.

Vitaa vidogo vyekundu vya LED vinavumilia. Sauti inapita wazi mpaka uipaze kwelikweli, ndipo vinauma.

Mwishoni nikaweka za kioo, nilizozichomoa kwenye redio mbovu ya babu yangu. Hizo zinakata mapema lakini kwa upole, kama mtu anayeongea akiwa na mafua. Na kuna jambo moja nililiandika kwa herufi kubwa: ZINAUGULIA.

Nikinyamaza, zenyewe zinaendelea. Uuuh. Zinapumzika. Uuuh.

Nilichanganyikiwa kwa raha. Nikamwita Kidole aje asikilize. Akafumba macho, akaniambia hapo hapo, nisiguse kitu.

Nikasogeza mdomo kwenye maiki, nikapaza sauti kwa mbwembwe: "Haya mama, lia tena."

Kikalia. Tena kwa nguvu kuliko mwanzo.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Maiki yenyewe huwa inaning'inia kwenye msumari, kwenye ukuta wa mbao unaonitenganisha na Mwalimu. Huyu ni mzee mstaafu, anaishi peke yake, na tulikuwa tumenuniana mwezi mzima kwa sababu ya kelele zangu. Nikizidisha, hugonga ukuta kwa fimbo mara tatu.

Siku ile hakugonga hata mara moja. Nikajisemea leo mzee kanyoosha mikono.

Basi asubuhi hiyo nikawakaribisha wote ndani, maana mimi kwangu pakijaa ndiyo napumua. Nikawaambia nawaonyesha mzimu wao unavyotengenezwa.

Nikawasha. Uuuh. Ilikuwa dhaifu kuliko jana, na ilichelewa kurudi.

Nikachomoa dayodi za kioo, nikapachika za silikoni. Nilitegemea kimya.

Uuuh. Ile ile, sasa ina makali ya shoka.

Watu wakasogea nyuma. Nikaweka za LED.

Uuuh.

Hakuna dayodi za aina tofauti duniani zinazougulia sawa. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina la mama yangu.

Mama Cherehani, ambaye hajui dayodi wala binamu yake, akasema polepole, "Hebu zitoe zote."

Nikazitoa zote. Sasa hapakuwa na cha kukata. Sauti ikatoka kama ilivyoingia, safi, na ule mngurumo ukageuka neno.

"Fundi."

Nikaongeza sauti.

"Fundi... mlango."

Sijui nani alianza kukimbia. Najua tu bega langu ndilo lililovunja mlango wa Mwalimu.

Alikuwa sakafuni, kabati la vitabu limemlalia kiunoni, midomo imepasuka kwa kiu, shavu liko kwenye ukuta. Fimbo ilikuwa mbali na mkono wake. Alikaa hivyo tangu jana mchana. Sauti yake haikuwa na nguvu ya kuvuka mbao ikafika masikioni mwetu. Maiki iliinasa, kisanduku kikaikuza, dayodi zikayakwangua maneno yote, mimi nikabaki nasifia mabaki.

Hospitali walisema angechelewa hadi jioni, tungezungumza mengine.

Alirudi baada ya wiki sita, na magongo. Mimi nikawa napita koridoni kwa kunyata. Kazi ya Kidole niliirudisha. Ule ukurasa wa daftari niliuchana.

Jana ukuta ukagongwa mara tatu, na redio zangu zote zilikuwa zimezimwa.

Nikaenda. Nikasimama mlangoni, nikamwamkia. Akaitikia marahaba. Nikaanza kujieleza kwamba sikusikia, kwamba ilikuwa mashine, kwamba laiti ningejua.

Akaniacha nimalize.

"Uliposema lia tena," akasema, "nilijua umenisikia. Nikakusanya pumzi yote iliyobaki. Halafu nikasikia mnacheka."



Jamani, mkisikia mlio msioujua, msiharakishe kuupa jina. Ulizeni kwanza ni wa nani. Mimi nina masikio ya kutofautisha silikoni na kioo, na mtu alinililia siku nzima nikamwandika daftarini kama kifaa.

Mwalimu akavuta kiti kwa ncha ya gongo, akakisogeza mezani.

"Usinisimamie mlangoni kama mgeni. Ingia ule, nimepakua sahani mbili."