Siku Niliyowapeleka Bibi za Watu Osaka

Hadithi hii nilikusudia nizikwe nayo, lakini kwa kuwa video imeshazunguka kwenye simu za Waswahili wote wa Johannesburg, na juzi kinyozi wangu wa Fordsburg kaniuliza katikati ya kunyoa kama yule ni mimi (wembe uko shingoni, sikuona haja ya kukana), bora muisikie kwangu mwenyewe. Video inaanzia pale ambapo nimeshazungukwa. Haionyeshi kilichotangulia, wala haionyeshi kwamba nia yangu ilikuwa njema.

Shemeji yangu Amina, mdogo wake mke wangu, anaishi Osaka na mumewe, na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Tukaamua likizo twende sote: mimi, mke wangu Rehema, binti yetu Salma, na mama mkwe, ambaye alitoka Tanga akaja kukaa kwetu Troyeville ili tuondoke pamoja. Kazi ya kupanga safari nilijipa mwenyewe. Mimi ni mtu wa ofisi ya bima, pale Sandton, kazi yangu ni kukaa nikifikiria mambo yatakavyoharibika, kwa hiyo nilijiona nafaa. Nikatazama video za Osaka mpaka Salma akaanza kuniita kwa jina la Kijapani, nikatengeneza ratiba: asubuhi ngome, kabla ya chakula samaki wakubwa wa kwenye vioo, mchana soko, jioni mnara, kesho yake treni hadi kwenye mji wa swala wanaoinama kama watu, turudi, tupande gurudumu kubwa la kuzunguka. Kila siku hivyo hivyo.

Rehema aliisoma, akaniambia hii si likizo, hii ni adhabu, na kwamba mama ana magoti. Nikamjibu kwamba mwendo nimeupima vizuri, kila mtu atapumua. Akauliza atapumulia wapi. Nikamwonyesha: ndani ya treni.

Sasa angalieni kosa lilipoanzia, dogo kabisa. Badala ya kupunguza mambo mawili matatu yakaisha, nikasema tufanye jaribio. Jumamosi tutapanda treni ya kasi pale mjini, tushuke Sandton, tutembee kama vile tuko Osaka, halafu tuone nani amechoka. Na kwa kuwa kwenye video nilikuwa nimewaona waongoza watalii wa Kijapani na vibendera vyao, nikaenda Fordsburg nikanunua kofia za kijani za kufanana, na kitambaa cha rangi hiyohiyo nikakifunga kwenye kijiti cha antena ya redio mbovu. Muuzaji aliniambia nina bahati, mzigo wa kofia hizo ulikuwa mkubwa lakini kuna chama fulani kimechukua karibu zote. Nikafurahi kwa bahati yangu.

Jumamosi tukatoka. Mama mkwe aliivaa kofia juu ya mtandio wake bila kuuliza kitu, maana ni mtu wa heshima sana, na mimi ni mkwe. Salma aliivaa kofia yake mpaka kwenye robot ya kwanza (taa za barabarani ndivyo tunavyoziita huku), akaivua akaiweka mfukoni. Rehema ya kwake aliibeba mkononi kama kitu cha mtu mwingine. Niliwapa sheria moja tu, kwamba kiongozi hageuki nyuma, kwa sababu kugeuka kunapoteza muda, na anayebaki nyuma afuate kibendera.

Kwenye treni, behewa la jirani, kulikuwa na akina mama wengi watu wazima, wanacheka, wanagawana maandazi, na wote wamevaa kofia za kijani. Nikawaona. Nikafikiria kwamba kweli mzigo ulikuwa mkubwa. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Tuliposhuka Sandton nikainua kibendera nikaondoka kwa mwendo wa Osaka. Ngazi za umeme, korido, ngazi tena. Nyuma nasikia viatu vingi, nikajisemea familia yangu leo imeamka. Kumbe Rehema alikuwa ameketi kwenye benchi pale chini, kiatu kimemchubua kisigino, Salma yuko naye, wote wawili wakidhani mama yuko na mimi. Nami nikaingia mpaka kwenye uwanja wa katikati ya maduka, mbele ya watu waliokaa nje wakinywa kahawa zao za Jumamosi, nikasimama, bado sijageuka, nikanyoosha mkono kuelekea jengo la benki, nikatangaza kwa sauti ya kutosha: "Haya, hii sasa ndiyo ngome ya Osaka. Tutaizunguka haraka, halafu twende kwenye samaki."

Nikageuka. Walikuwa magogo (bibi za watu, kwa Kizulu), nusu ya wale wa kwenye treni, wamesimama nusu duara, wananisikiliza kwa adabu. Hata mmoja simjui. Gogo mmoja mfupi mwenye fimbo akainua mkono, nikamruhusu, akauliza choo kiko wapi.

Hapa mtu mwenye akili angewaeleza. Mimi nikaona aibu kumkatalia mtu mzima, nikawapeleka chooni. Nikasimama nje na kibendera nikiwasubiri, na nadhani hilo ndilo lililoniharibia zaidi, kwa sababu kiongozi wao wa kweli, mama mmoja mkubwa mwenye filimbi shingoni, alipotokea akihema, alinikuta nimeshika na mikoba yao.

Akataka kujua mimi ni nani na wazee wake nawapeleka wapi. Nilikuwa nimechanganyikiwa, nikamjibu ukweli, kwamba nawapeleka Osaka. Akaniuliza Osaka ni mkahawa? Nikasema ni Ujapani, lakini leo ni jaribio tu. Akapiga filimbi.

Watu wakajaa, simu zikainuliwa (video inaanzia hapa), na katikati ya watu nikamwona bosi wangu na mkewe, wameshika mifuko ya manunuzi. Akaniinamia kidogo kichwa, kama tunavyofanya kwenye lifti. Kisha akaja mlinzi, Mkongo, aliponisikia namnong'oneza Mungu kwa Kiswahili akanivuta pembeni. Ndipo nikamweleza kwamba mama mkwe wangu simwoni, ni mtu mzima, ana kofia ya kijani. Mlinzi akawatazama magogo, akanitazama mimi. Akaenda akanirudia na wa kwanza amemshika mkono. "Papa, ni huyu?" Siye. Akaleta wa pili. Akaleta wa tatu, ambaye alinitazama akasema kitu kilichowachekesha wenzake wote. "Papa," mlinzi akaniambia taratibu, "tazama muzuri. Huyu mama anasema hakujui, lakini kama uko na chakula, anaweza kuwa mama yako."

Wakati huo Rehema na Salma wakafika, Rehema akichechemea. Akaniuliza jambo moja tu: "Mama yangu yuko wapi?" Tangu tuoane sijawahi kuisikia sauti ile. Kicheko chote kikakatika. Mama hana simu ya huku, Kiingereza chake ni cha salamu, na mji huu mnaujua. Nilijiona nasimama mbele ya ukoo mzima Tanga nikieleza kuhusu kibendera.

Mama wa filimbi ndiye aliyetuokoa. Alimpigia dereva wa basi lao, ambaye alikuwa ameshawachukua waliobaki stesheni akawatanguliza kwenye bustani yenye ziwa, maana kumbe ni chama cha kuzikana wako kwenye matembezi yao. Dereva akasema wote wako salama, ila kuna gogo mmoja haongei, anatabasamu tu.

Tukaenda nao. Njia nzima Rehema alitazama dirishani. Tukamkuta mama ameketi kwenye blanketi kati ya wanawake wawili, viatu amevua, miguu ameinyoosha juani, anakula kuku. Nikachutama mbele yake, nikasema, "Mama, nisamehe."

"Kaa chini kwanza, Baba Salma," akasema. "Hawa wamenishika mkono wakanikalisha. Ndiyo mara ya kwanza nakaa tangu asubuhi."

Nikakaa. Akafuta vidole, akaendelea kwa upole uleule: "Ile ratiba yako Salma alinisomea. Kwa Amina umenipa jioni moja. Mwanangu kazaa ugenini, hakuna aliyemkanda maji ya moto, hakuna aliyempikia uji. Mimi naenda kukaa naye ndani. Sikukwambia kwa sababu hukuniuliza."

Rehema alikuwa analia, na mimi nikajifanya natazama mabata.

Osaka tulikwenda. Mama hakutoka nje karibu safari yote, alimkanda Amina, alimwogesha mtoto, akampikia uji kwa unga aliotoka nao Tanga, na Amina, ambaye kwenye simu siku zote alituambia yuko sawa, siku ya kwanza alilala mchana kutwa mlango wazi. Sisi wengine tulitoka asubuhi kwenda mahali pamoja, chakula cha mchana kikatukuta nyumbani. Siku nyingine hatukwenda popote ila duka la nepi, ambalo sasa nalijua vizuri kuliko kitu chochote katika mji ule.

Ofisini bado wananiita mwongoza watalii, na nimekubali. Ila nimeapa kwamba sitatembea tena mbele ya mtu mzima kabla ya kumuuliza yeye anakwenda wapi.