Nusu ya Bakuli

Mteja huyu wa mgahawa wangu alikuwa mtawa mpiganaji wa vita vya msalaba, kabla mfalme hajawatia watawa hao wote gerezani. Mkono wake bado hupapasa kidevu ambacho askari wa gereza walikinyoa ndevu. Katika shirika lao, watawa wawili walikula katika bakuli moja. Mpaka leo supu yangu ya njegere huila nusu, kisha husogeza bakuli mbele ya kiti kitupu. Jana mkuu wao aliyakana maungamo aliyolazimishwa kwa mateso, wakamchoma moto akiwa hai kisiwani, na Paris nzima ikaenda kutazama. Yeye akaja kula.

"Malizia, mzee," nikamwambia kwa hasira. "Chakula changu hakitupwi."

"Hiyo ni ya mwenzangu."

"Mwenzako gani? Yuko wapi?"

Akapapasa kidevu. "Walimchoma yeye pia, miaka iliyopita. Waliponikazia kamba za mateso, mimi nilimtaja. Yeye hakunitaja."