Bi Povu na Jezi za Klabu

Shangazi yangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Bi Povu. Jina hilo alipewa kwa utani, yeye akalichukua kama cheo. Anakaa ghorofa ya chini, chumba na sebule, na sebule yenyewe imejaa ndoo, pasi za mkaa na beseni kubwa la bluu ambalo mtu mzima anaweza kukaa ndani akaoga. Ukipiga hodi, harufu ya sabuni inakupokea kabla yake.

Mteja wake mkubwa alikuwa klabu ya mpira wa kikapu, nyuma ya jengo letu. Zamani uwanja ule ulikuwa wazi. Wenye viatu na wasio na viatu walicheza pamoja, na binti wa shangazi, tunayemwita Njiti kwa urefu na wembamba, alijifunzia hapo. Kisha wakaja wenye nacho. Wakazungusha uzio, wakaezeka mabati, wakapanga ada, na ada yenyewe usiulize. Njiti na wenzake wakabaki kutazama kupitia kwenye waya, baadaye hata kutazama wakaacha. Wakitoka shule wanajibwaga ngazini, wanachezea simu moja kwa zamu.

Kilichomchoma shangazi ni hotuba. Siku ya kufungua msimu, meneja wa klabu alishika kipaza sauti akawaambia wazazi kwamba utafiti umeonyesha vijana wa familia zenye uwezo wanafanya mazoezi zaidi. Hawa wa majengo ya jirani, akasema, hawana moyo wa michezo, wamezoea kukaa. Shangazi alikuwa pembeni, amepakata jezi alizopiga pasi kwa mkono wake.

Alirudi amefura. "Ati hawana moyo!" akasema, akikamua taulo kana kwamba ni shingo ya mtu. "Mtu amefunga mlango mwenyewe, halafu anashangaa mbona watu hawaingii."

Haukupita muda ikaja mvua, ile ya kukaa siku nzima bila haya. Jezi zililala kwenye kamba, zikaamka vilevile. Na meneja akapiga simu: kuna mechi jioni, anazitaka kavu.

"Utazipata kavu, mwanangu," shangazi akamjibu kwa upole ulionitia wasiwasi.

Sisi tuliolelewa na Bi Povu tunaijua dawa yake. Sare ya shule isipokauka, anaikamua mpaka tone la mwisho, anakuvisha, kisha anakuamuru ukimbie kwenye korido, nenda rudi, mpaka joto la mwili limalize kazi. Nimefika shuleni mara nyingi nikiwa mkavu na hoi.

Basi akawaita Njiti na wenzake kutoka ngazini, kila mmoja akambebesha mfuko, nami nikafuata nyuma. Mlinzi alitufungulia kama kawaida, maana mizigo ya dobi haikaguliwi. Ndani, chini ya mabati, sakafu ilikuwa kavu na mpira umeachwa katikati.

"Vaeni juu ya fulana zenu," shangazi akasema. "Mkimaliza kuzikausha hizo, kuna nyingine."

Walianza kwa aibu, wakivutavuta jezi zilizowaganda mgongoni. Halafu Njiti akaudunda mpira. Jamani! Waliokuwa hawana moyo walikimbia mpaka mabati yakaitikia. Njiti alikuwa akiruka, anatupia, anacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu uzio uwekwe. Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anawaita mmoja mmoja, anapima kola kwa kidole: "Bado. Kimbia."

Meneja akaingia na wale wazazi wa heshima wa klabu.

"Mama, ni nini hiki?"

"Nguo zinakauka."

"Miilini mwa watu?"

"Jua limegoma, mwanangu. Hawa hawajagoma."

Mzazi mmoja akacheka, akajizuia. Meneja alifungua mdomo agombe, lakini Njiti akatupia kutoka mbali na mpira ukazama bila kugusa chuma. Yule bwana akabadilika sura. Akauliza ni binti wa nani, akaambiwa.

"Huyu mrefu aje," akasema. "Ada tutamsamehe. Ila ni yeye tu."

Nilimwomba Mungu Njiti akubali. Mlango umefunguka, ingia! Shangazi alimtazama bintiye tu.

"Na hawa?" Njiti akauliza.

"Hatuwezi kubeba mtaa mzima."

Njiti akavua jezi, akaikunja kama alivyofunzwa, mikono kwa ndani, akamkabidhi meneja. "Kwenye kola bado ina unyevu," akasema, akawashika wenzake wakatoka.

Kesho yake meneja akatuma ujumbe: Bi Povu aombe radhi, kazi iendelee. Jirani wa ghorofa ya juu alishuka kumsihi.

"Nenda, dada. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Mimi nimeshazaa," shangazi akajibu. "Aliyevua jezi jana ni wa kwangu."

Akatia kisu kwenye mkaa mpaka kikawa chekundu, akapindua beseni la bluu, akalikata kitako chote, likabaki duara tupu. Nikapiga kelele: sasa jezi za klabu, akibadili mawazo, atazifulia wapi?

"Ndiyo maana nalikata," akasema. "Shika ngazi hapo."

Tulilipigilia misumari kwenye ukuta wa nyuma, juu, likiuelekea uzio wa klabu. Riziki imepungua, sikufichi. Sasa anafua shuka za majirani kwenye ndoo, na jioni mgongo unamuuma. Njiti na wenzake wanatupia mpira humo mpaka giza linaingia, na wengine wameongezeka ambao hata siwajui. Ukipita saa hizo, ngazini kwetu hakuna mtu.