Sisimizi kwenye asali ya mahari: dawa za nyumbani tulizojaribu kabla sijapewa mke

Wakuu, salaam kwenu. Walionizidi umri, shikamooni.

Naona humu watu wanaulizana dawa ya asili ya sisimizi, na majibu mengi ni ya kukopi. Mimi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu. Sitatia chumvi. Chumvi yenyewe tuliijaribu na haikuwazuia.

Kwetu ni Ihanja, Singida.

Miaka hiyo biashara ndiyo kwanza imefunguliwa. Maduka yaliyokuwa na viberiti na majembe tu yakaanza kujaa vitu. Mitumba ikafika mpaka minadani. Sukari tuliyokuwa tukiipangia foleni ikawa inauzwa hadi kwenye vibanda vya chai.

Mimi nilikuwa kijana, nimepata mchumba upande wa Manyoni. Jina lake Agatha. Nilimpenda, sina namna nyingine ya kulisema.

Mshenga wetu, Mzee Jumanne, akaenda kuzungumza na baba yake. Akarudi na majibu: ng'ombe, mbuzi, na debe la asali ya wazee.

Sasa, baba yake Agatha alikuwa na mizinga yake mwenyewe porini. Asali anayo. Ila asali ya mahari lazima itoke kwa muoaji, hata kama mkwe anaogelea ndani ya asali. Msiniulize kwa nini. Mila haina customer care.

Mifugo ikapokelewa bila maneno. Ikabaki asali.

Hapa ndipo shida ilipo. Zamani nani angechakachua asali, wakati sukari yenyewe huioni? Lakini sukari ilipojaa madukani, wajanja wakawa wanaichemsha mpaka iwe nzito, wanaiuza kandokando ya barabara kama asali. Watu wakaumizwa.

Mzee mkwe akawa mkali. Kipimo chake kilikuwa kile kile cha kila mtu upande wetu: asali halisi sisimizi haigusi. Ukiona sisimizi wameijaa, hiyo ni sukari.

Akamwambia mshenga waziwazi kwamba ikija asali ya sukari, mifugo yote itarudi na binti atasubiri mwingine. Na huyo mwingine alikuwepo. Jamaa alikuwa na pikapu.

Nikaenda Itigi kwa mjomba, kaka yake mama, ambaye ni mrina asali. Tuliingia porini pamoja. Nilishika mwenge, nikaumwa na nyuki mpaka jicho likafunga. Asali ile niliiona ikitoka kwenye mzinga, nikaiona ikikamuliwa, nikaibeba mwenyewe mpaka Ihanja.

Tukaiweka stoo, tukisubiri mavuno yaishe ndipo twende ukweni.

Asubuhi moja mama akaniita. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

Mstari wa sisimizi ulitoka kwenye ufa wa ukuta, ukapanda debe, ukazunguka mfuniko. Kwa nidhamu kabisa.

Mama akaangalia debe, akaniangalia mimi. "Mwanangu, ulimwona mjomba wako akiikamua?"

"Nilimwona, mama."

"Ulimwona kwa macho?"

"Jicho moja, mama. Jingine lilikuwa limevimba."

Nitasema ukweli, hata mimi nilianza kumshuku mjomba. Niliishuhudia asali ile toka mzingani, lakini usemi wa watu ulikuwa na nguvu kuliko jicho langu. Iliniuma, maana mjomba alinilea.

Basi tukaanza vita, tena ya siri, kwa sababu jirani akiona sisimizi kwenye asali yetu, habari itafika Manyoni kabla ya sisi.

Tukaanza na majivu. Mama akayamwaga kuzunguka debe. Majivu makavu yanafanya kazi wakuu, sisimizi hawapendi kuyavuka. Tatizo ni kuku. Kuku akiona majivu, anaona bafu. Tulirudi tukakuta mama kuku na vifaranga wake wanaoga katikati ya ulinzi wetu, na sisimizi wanapita pembeni bila wasiwasi.

Watu wa mjini mnasifia sana kuku wa Singida. Mimi nawala kwa kinyongo.

Pilipili kichaa. Mama akaitwanga, akainyunyiza kwenye ufa. Upepo wa kwetu mnaujua. Ulipita dirishani, ukaiinua yote, ukamrudishia mama usoni. Alipiga chafya mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Mama akamzuia mlangoni, anatokwa machozi. Jirani akaondoka akiamini tuna mgonjwa mahututi. Kesho yake akaleta uji. Nikaunywa mimi, kwa kuwa mgonjwa ilibidi apatikane.

Mzee Jumanne tulimweleza, yeye ni mtu wa ndani. Akasema tuzungushie debe tambara lenye mafuta ya taa. Mama akakataa palepale.

"Asali inavuta harufu, mzee wangu. Tutampelekea mkwe asali au koroboi?"

Mwisho tukapata njia. Tulifuta ule mstari wote, toka ufa mpaka debe, kwa maji ya sabuni yaliyokamuliwa ndimu. Sisimizi wanafuatana kwa harufu, ukiifuta wanapotea. Tukaziba ufa kwa udongo. Debe tukalifuta kila tone la nje, tukaliweka juu ya jiwe ndani ya beseni la maji yenye sabuni kidogo. Na mlango wa stoo ukafungwa, kuku wasiingie kunywa.

Hawakurudi tena. Kama umekuja humu kutafuta dawa tu, ndiyo hiyo, unaweza kuishia hapa.

Siku ya kwenda Manyoni ikafika. Tulikuwa watatu: Mzee Jumanne, mjomba, na mimi. Kwa taratibu muoaji haendi, lakini mtu wa kubeba debe alihitajika.

Tukapokelewa vizuri. Tukakaa uani. Mzee mkwe akafungua debe, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kupumua.

Kisha akaomba kijiko.

Akachota, akaenda kwenye jiwe bapa ambapo sisimizi wa kwake walikuwa wakipita, akadondosha tone. Akaagiza kigoda, akaketi.

Wakuu, sijawahi kuona watu wazima wakiangalia jiwe kwa umakini ule.

Akaja mmoja. Akaigusa, akaondoka. Nikamshukuru Mungu. Kumbe alikwenda kuita wenzake.

Walijaa.

"Jumanne," mzee akasema bila kupandisha sauti, "umeona?"

"Nimeona, mzee mwenzangu."

Mjomba akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Mtu aliyerina asali toka utoto, leo anaonekana mchemsha sukari mbele ya wakwe. Mimi nilichokuwa nakiona ni pikapu.

Wakati huo Agatha alikuwa anatoka jikoni. Alikuwa amebeba viazi vitamu tulivyoandaliwa, na bakuli la asali ya kuchovyea. Asali ya baba yake, ya mizinga ya baba yake.

Akapiga goti. "Shikamooni."

"Marahaba."

Alikuwa amesikia yote. Hakuniangalia. Akaweka viazi chini, akachovya kijiko kwenye bakuli, akasogea kwenye lile jiwe.

"Samahani, baba," akasema, akadondosha tone pembeni ya letu.

Akasimama hapohapo, ameinamisha kichwa kwa adabu zote.

Sisimizi hawakubagua. Nusu wakabaki kwetu, nusu wakahamia kwa mkwe.

Shangazi zake Agatha walikuwa wamejaa mlango wa jikoni, wameziba midomo kwa khanga. Mzee akalitazama lile tone lake, akatutazama sisi, akalitazama tena. Mizinga ile aliachiwa na baba yake.

Akasafisha koo.

"Mwaka huu sisimizi wana njaa sana," akasema. "Ingizeni debe ndani."

Nikaoa.

Baadaye nilimuuliza Agatha alijuaje kama asali ya kwao nayo wataijia. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nawafagia sisimizi kwenye asali ya baba kila siku kabla hajaamka. Ungenyimwa mke kwa kitu ninachokifagia mwenyewe?"

Nilichojifunza ni kwamba sisimizi anakula asali, iwe ya mzinga iwe ya sukari. Yeye si mkaguzi. Anayekuuzia asali mjue, na kama ni ndugu yako, mwamini. Mjomba nilimwomba radhi moyoni siku ileile, na kwa mdomo njiani tukirudi.

Karibuni mchangie. Kwenu mnapimaje asali? Na kipimo hicho mmeshawahi kukijaribu kwenye asali yenu wenyewe?