Kufuli Nililotoa Shuleni

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa hivyo mtanivumilia nikipotea njia.

Mjukuu wangu wa kike, niliyemlea tangu mama yake aende kufanya kazi Emali, alikuwa kidato cha nne kwa shule ya kutwa huku kwetu upande wa Ikutha. Ni mtoto wa kazi huyo. Kuchambua ndengu hakuna anayemshinda, kijiwe anakiona kabla wewe hujavaa miwani. Vitabu ndivyo havikumkubali. Sasa huku kuna desturi. Mtoto akianguka mitihani ya kidato cha tatu, shule inamsajili kwa senta nyingine, kashule kadogo ng'ambo ya mto, akafanyie mtihani wa mwisho huko ili asishushe wastani.

"Susu, huko siendi," akaniambia; Susu kwetu ndiyo nyanya. "Heri nikae tu." Alisema hivyo huku akipepeta, hata ungo haukusimama.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Alikuwa mama wa Mbooni, kule kwa baridi, na hapa kwetu kwenye jua hili bado alivaa sweta. Watu walimcheka sana na hiyo sweta, mimi pia. Nikamwomba amwache mtoto afanyie pale pale.

"Mama, amesomea hapa, atafanyia hapa," akasema, akaandika jina lake nikiona. Na kwa vile hakutaka kumpendelea mmoja, akawaacha pia wale wengine wote wa mkia wafanyie pale.

Matokeo yalipotoka, wangu alipata E. Wale wenzake pia. Wastani wa shule ukashuka, na wazazi wa shule jirani wakapita barabarani na matawi wakiimba.

Siku ya kufungua shule tulikuwa langoni mapema.

"Jirani wamechinja mbuzi," mama mmoja akasema. "Sisi tutachinja nini, nzi?"

"Tuchinje Madam!"

"Huyo? Utatoa sweta kwanza mpaka saa sita ndio ufikie nyama!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa wazazi akasema lango lifungwe mpaka mwalimu mkuu ahamishwe. Mnyororo ulikuwepo, kufuli ndilo halikuwepo. Akanigeukia.

"Susu, si wewe una duka la ndengu? Toa kufuli."

Si duka, ni kibanda cha mabati tu. Kufuli nalo nilinunua Kibwezi, na aliyeniuzia aliapa halivunjiki. La kwanza aliloniapia hivyo nililivunja mwenyewe kwa jiwe siku nilipopoteza ufunguo, nikarudi kwake akaniuzia la pili kwa kiapo kile kile. Basi, nikalitoa. Ningekataa wangeniuliza sababu, na sababu ilikuwa nyumbani ikichambua ndengu.

Mwalimu mkuu akafika kwa bodaboda. Akaona mnyororo. Akanisalimia mimi kwanza.

"Mama, mmeamkaje? Msichana yuko?"

"Yuko," nikasema. Ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la leso.

Mwenyekiti akapaza sauti. "Madam, nani alikwambia uweke watoto wa E kwa senta yetu? Kuna mzazi alikuomba?"

Mwalimu hakunitazama. Ndicho kitu ninachokumbuka vizuri, vile macho yake yalipita watu wote na kuniruka mimi.

"Hapana," akasema. "Niliamua mwenyewe."

Nikangoja moyo ufanye kitu. Watu husema moyo umewapasuka, sijui umewaka. Wangu ulikaa tu. Nilikuwa nawaza kama nilifunika mtungi.

Saa sita ofisa wa elimu akaja, akatuandika majina, akatuambia turudi nyumbani. Kabla wiki haijaisha mwalimu akapelekwa Kyuso, kule juu kabisa, mbali na watoto wake. Mjukuu wangu akauliza kwa nini Madam amehamishwa.

"Serikali huhamisha watu," nikamwambia.

"Lakini hakuwa mbaya, Susu."

"Sijasema alikuwa mbaya."

Mwalimu mkuu mpya ni mwanamume, ana suti, anaongea vizuri. Mkutano wa kwanza akatuambia wastani utapanda, lakini tukubaliane kwamba watoto wa chini watafanyia ng'ambo ya mto, wote, bila huruma. Watu wakapiga makofi. Akauliza kama kuna mzazi anayepinga, ainue mkono.

Mdogo wa mjukuu wangu, ambaye pia namlea, yuko kidato cha tatu pale pale, na kichwa chake si chepesi kushinda cha dada yake. Mimi nilikuwa nimeketi mstari wa mbele kwa sababu ya masikio yangu. Mwalimu akangoja kidogo, akatutazama mmoja mmoja. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Mchungaji akaombea mkutano, tukapewa soda, nikanywa yangu nikaimaliza.